Sumaku Iliyotuliza Madini Yaliyoyeyuka

Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya STL ya Lubumbashi, tanzu ya kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilipeleka kwa kampuni ya Umicore nchini Ubelgiji shehena yake ya kwanza ya makinikia ya jerimaniumu, yaliyopatikana katika lundo la mabaki ya kuyeyusha shaba mjini humo. Tukio hilo liliandikwa kama habari ya biashara tu, ingawa kwa wasomaji wa Kalemie ni sehemu ya historia ndefu ya fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja kutoka ncha hadi ncha.

Historia hiyo inaanza na bati, madini ambayo Manono, katika jimbo hili hili la Tanganyika, imeyachimba tangu enzi za kampuni ya Géomines. Inasimuliwa kwamba mwaka 1916, mjini Berlin, Mpolandi Jan Czochralski alichovya kalamu katika bati lililoyeyuka badala ya wino, akavuta uzi mwembamba ambao ulikuwa fuwele moja. Baada ya transista ya jerimaniumu kuvumbuliwa mwaka 1947, Gordon Teal na John Little wa maabara za Bell walivuta jerimaniumu kwa njia hiyo hiyo, na mgodi wa Kipushi, wenye zinki na shaba, ukawa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa duniani.

Fuwele zilizovutwa zilikuwa na kasoro iliyowasumbua mafundi kwa miaka mingi. Zilipokatwa, kung'arishwa na kupakwa asidi, zilionyesha chini ya hadubini mistari mingi sambamba, ambayo kila mmoja ulikuwa na kiasi tofauti cha elementi iliyochanganywa kwa makusudi ili kurekebisha upitishaji wa umeme. Chanzo kilikuwa myuko, yaani mzunguko wa kimiminika ambamo sehemu yenye joto hupanda na iliyopoa hushuka, kwa kuwa mzunguko huo ulipokuwa mkali halijoto ilipanda na kushuka bila kutulia, na fuwele ikakua kwa kasi isiyo sawa.

Dawa ilipatikana mwaka 1966 katika sehemu mbili kwa wakati mmoja: nchini Marekani, kwa Harvey Utech na Merton Flemings wa MIT, na mjini Malvern, Uingereza, kwa Chedzey na Hurle wa taasisi ya utafiti wa rada. Pande zote mbili zilikuza fuwele ndani ya uga wa sumaku, na mistari ikatoweka. Kubishania nani alitangulia hakuna faida, kwa sababu kila upande ulithibitisha kazi ya mwenzake, na anayesahauliwa isivyo haki ni Mdenmaki Hartmann, aliyekwisha kuonyesha mwaka 1937 jinsi sumaku inavyozuia mwendo wa zebaki. Kanuni ni ile ile: madini yaliyoyeyuka hupitisha umeme, hivyo yanapokata uga wa sumaku hujizalishia mkondo wa umeme, na mkondo huo, ukikutana na uga, huleta kani inayopinga mwendo wenyewe, bila kitu chochote kugusa kimiminika.

Kuanzia mwaka 1980 kampuni ya Sony ya Japani iliitumia njia hiyo kwa silikoni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi, ili kudhibiti pia oksijeni inayotoka katika chungu cha kwatzi. Baadaye umbo la uga lenyewe, la kulala, la kusimama au la sumaku mbili zinazokabiliana, likawa suala la ushindani.

Kongo imebaki upande wa mawe. Kani hiyo ya sumaku na myuko ni mambo ya fizikia ya sekondari, na inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Kalemie anaweza kujifunza yote mawili bila kuambiwa kwamba yalikutana katika ukuzaji wa fuwele, historia iliyopitia jerimaniumu, madini ambayo Kipushi iliyatoa kwa miaka mingi, ilhali usafishaji wa shehena ile ya Lubumbashi ulipangwa kufanyika Ubelgiji.