Kafika Leo, Kesho Wanamdai Kombe: Historia ya Gadi Anayehama Chuo Marekani

Kila mwaka ikifika Aprili, picha ni ile ile. Kijana kavaa jezi ambayo hajaichezea hata dakika moja, nyuma yake moshi na taa zenye rangi za chuo, chini yake maneno machache ya kumshukuru Mungu na familia. Haichukui muda, mashabiki wa chuo kipya wameshampa ufalme. Wameshatazama video ya dakika mbili ambayo humo hapotezi mpira wala hakosi mtupo, maana nani aliwahi kuweka makosa kwenye video ya aina hiyo? Mashabiki wa chuo alichotoka nao wameshamwita msaliti. Na mpira wenyewe bado haujadunda.

Huyo ndiye gadi aliyehama, na hakuna mchezaji anayebebeshwa matumaini ya watu kama yeye kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani. Gadi ndiye anayepandisha mpira, anayeamua nani aupate na wakati gani, na zikibaki sekunde tano timu iko nyuma, macho yote kwake. Mchezaji mrefu wa chini ya kikapu akihama, anahama na urefu wake. Gadi akihama, nusu ya alichokuwa nacho anakiacha: wenzake waliojua pasi yake inakuja kutoka wapi, kocha aliyempa usukani, uhuru wa kukosa mara tatu na bado akaachiwa arushe ya nne. Takwimu zake mashabiki wanazibeba hadi chuo kipya. Mazingira yaliyozizaa hayabebeki.

Zamani ulikuwa unakaa benchi mwaka mzima

Kwa miongo mingi, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa na sheria moja ngumu. Mchezaji wa kikapu akihama chuo, anakaa nje mwaka mzima. Darasani anaenda, mazoezini anaenda, lakini siku ya mechi anavaa nguo za kawaida na kupiga makofi. Sheria hiyo haikuwa ya haki hata kidogo. Kocha aliyemsajili kijana huyo huyo aliweza kuondoka na kuanza kazi chuo kingine bila kukaa nje hata mechi moja.

Ila mwaka ule wa kungoja ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Uliwapoza mashabiki, na ulimpa gadi muda wa kujifunza nyumba mpya bila kelele.

Mtazame Greg Anthony. Alianzia chuo cha Portland, akahamia UNLV kule Las Vegas na kukaa nje msimu wa 1987–88. Alipokuja kushika usukani, alikuwa anawajua wenzake vizuri. Mwaka 1990 UNLV wakaifunga Duke 103–73 kwenye fainali ya taifa. Tofauti ya pointi 30. Hakuna fainali ya wanaume iliyowahi kuisha kwa pengo kubwa kuliko hilo.

Au Seth Curry, mdogo wake Stephen. Msimu wa 2008–09 akiwa chuo kidogo cha Liberty, ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa pointi miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akahamia Duke, akakaa nje. Msimu huo huo aliokaa nje, 2009–10, Duke wakachukua ubingwa bila yeye, 61–59 dhidi ya Butler. Kwa hiyo alipovaa jezi hatimaye, hakuna aliyemwambia aje kuokoa timu. Desemba 2010 gadi chipukizi Kyrie Irving akaumia kidole cha mguu, Curry akaingia kuziba nafasi, na kwa wakati huo mfumo wa kocha alikuwa ameshauzoea kwa zaidi ya mwaka. Hakuwa mgeni tena.

Kisha lango likafunguliwa

Mambo yalianza kubadilika haraka Oktoba 2018. NCAA wakaanzisha lango la uhamisho, yaani orodha ya kwenye kompyuta. Mchezaji anaomba jina lake liingizwe, na makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumpigia simu. Kabla ya hapo, chuo chake kingeweza kumzuia asizungumze na fulani na fulani.

Aprili 2021 ikaja ruhusa ya kuhama mara moja bila kukaa nje. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Miezi mitatu tu, na dunia ikageuka: unahama, unacheza papo hapo, na kuna pesa mezani.

Ikabaki kizuizi kwa wanaohama mara ya pili. Desemba 2023, jaji wa shirikisho kule West Virginia akakisimamisha. Mmoja wa wachezaji waliokuwa katikati ya kesi hiyo alikuwa gadi RaeQuan Battle, aliyetoka Washington, akapita Montana State, akafika chuo cha West Virginia na kunyimwa ruhusa ya kucheza. Jimbo zima lilishangilia uamuzi ule kama ushindi wa fainali. Msimu ukaisha timu ikiwa na ushindi mechi 9 na vipigo 23. Mahakama ilimpa haki ya kucheza, ila timu yenyewe haikuwa na wa kuibeba.

Aprili 2024 NCAA wakafuta mipaka kabisa: hama mara unazotaka, mradi masomo yako yako sawa. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, michezo yote kwa pamoja. Mwaka huo wa 2025 dirisha la wanaume lilifunguliwa tarehe 24 Machi, mashindano ya taifa yakiwa bado yanaendelea, na zaidi ya wachezaji 2,000 wa daraja la kwanza wakaingia sokoni.

Hapo ndipo lugha ya mashabiki ilipobadilika. Zamani walisema kijana bado anajifunza. Sasa wanasema analipwa, afanye kazi.

Dada aliyeshushwa na kupandishwa ndani ya miezi kumi na miwili

Kama kuna hadithi moja inayoonyesha mzigo huu, ni ya Hailey Van Lith. Akiwa Louisville alifika nusu fainali ya taifa mwaka 2022, na msimu uliofuata alikuwa anafunga karibu pointi 20 kwa mechi. Mwaka 2023 akahamia LSU, ambao walikuwa wametoka kuchukua ubingwa kwa kuifunga Iowa 102–85. Bingwa mtetezi anaongezewa nyota. Wakatajwa namba moja nchini kabla ya msimu kuanza, na mashabiki wakaanza kupanga gwaride.

Mechi ya kwanza kabisa, Novemba 2023, wakafungwa na Colorado 92–78.

Tatizo halikuwa uvivu. Louisville alikuwa mfungaji. LSU walihitaji mtu wa kupandisha mpira na kulisha wengine, kwa hiyo dada akapewa kazi ambayo haikuwa yake ya asili, tena mbele ya taifa zima. Wastani wake ukashuka chini ya pointi 12. Kisha ikafika tarehe 1 Aprili 2024, mechi ya nane bora, Iowa tena, naye akapangiwa kumkaba Caitlin Clark. Clark akafunga pointi 41, zikiwemo tisa za mbali, na LSU wakatoka kwa 94–87. Ile picha ya Van Lith akiinua mabega baada ya Clark kufunga mbele yake, kama anayesema hata yeye haelewi afanye nini, ikazunguka dunia. Usiku ule Van Lith akageuzwa kichekesho cha mitandao yote.

Fikiria kidogo. Clark alikuwa ameshakuwa mfungaji bora wa muda wote kwenye kikapu cha vyuo. Alikuwa amewatesa watu wote wa Marekani. Lakini lawama akabebeshwa mgeni, kwa sababu mgeni ndiye aliyeahidiwa kwamba angeleta kombe.

Akahama tena, safari hii TCU. Hao Januari 2024 walikuwa na majeruhi wengi kiasi cha kutoa ushindi wa bure mechi mbili na kuita wanafunzi wa kawaida waje kujaribiwa. Hapo hakuna aliyepanga gwaride. Kocha akampa mpira na mfumo uliomfaa. Wastani ukapanda hadi karibu 18, akawa mchezaji bora wa ligi ya Big 12, na TCU wakafika nane bora kwa mara ya kwanza katika historia yao. Msichana yule yule, mikono ile ile. Kilichobadilika ni alichoombwa kufanya.

Wengine wanahama na tabia zao

Haki itendeke, sio kila anayehama anasingiziwa. Caleb Love wa North Carolina aliifungia timu pointi 28 kwenye nusu fainali ya 2022 dhidi ya Duke, usiku ambao kocha Mike Krzyzewski aliaga kazi. Siku mbili baadaye, kwenye fainali dhidi ya Kansas, alirusha mara 24 akapata 5, timu ikalala 72–69. Msimu wa pili North Carolina wakatajwa namba moja kabla ya kuanza, na mwisho hawakuingia hata kwenye mashindano ya taifa. Love akaondoka huku kelele za lawama zikimsindikiza.

Arizona alipofika akang'aa kweli, akawa mchezaji bora wa ligi ya Pac-12 mwaka 2024. Mashabiki wa Arizona wakawacheka wa North Carolina. Kisha ikaja mechi ya kutoka, dhidi ya Clemson, akarusha mitupo tisa ya pointi tatu na yote ikakataa. Ujasiri uliomfanya shujaa usiku mmoja ndio uliomwangusha usiku mwingine. Jezi mpya haikumgeuza mtu mwingine, na hakuna aliyepaswa kutegemea imgeuze.

Waliofanikiwa walipewa nini?

Sasa watazame waliobeba kombe. Tristen Newton alitoka East Carolina, chuo ambacho hakiko kwenye midomo ya watu, akaingia UConn mwaka 2022. Hakuambiwa awe kila kitu. Akachukua ubingwa 2023, akarudia 2024, na ule wa pili akatajwa mchezaji bora wa fainali baada ya pointi 20 dhidi ya Purdue.

Kisha Walter Clayton Jr. Alitoka Iona akiwa bora wa ligi yake ndogo, akaenda Florida mwaka 2023, jimbo alikozaliwa. Msimu wake wa kwanza uliishia raundi ya kwanza. Alifunga pointi 33 na bado Florida wakapigwa na Colorado 102–100. Kwa kipimo cha leo, hapo ndipo shabiki anaandika kwamba tumeibiwa, aondoke, dirisha liko wazi.

Clayton akabaki. Aprili 2025 akafunga 34 kwenye nusu fainali dhidi ya Auburn. Kwenye fainali dhidi ya Houston, kipindi cha kwanza hakupata pointi hata moja. Hata moja. Florida wakawa nyuma kwa 12. Kipindi cha pili akapata 11, na sekunde za mwisho kabisa, zile ambazo kila mtu anasubiri gadi arushe mpira wa ushindi, yeye akashinda kwa kukaba. Alimrukia mpinzani aliyetaka kurusha hadi jamaa akauachia mpira chini. Matokeo yakawa 65–63, Florida bingwa, Clayton mchezaji bora. Kwenye ile video ya dakika mbili ya kumkaribisha mgeni, tukio kama hilo halingewekwa.

Ukiwapanga wote hawa, kinachojirudia ni kitu kidogo tu. Newton na Clayton walikuwa na mwaka wa pili. Anthony na Curry walikuwa na mwaka wa kungoja. Van Lith alipata kazi iliyomfaa. Wote walipewa kitu ambacho shabiki wa leo hataki kukitoa, nacho ni muda au nafasi sahihi.

Sheria ya kukaa nje mwaka mzima haitarudi, na isirudi, maana ilimwadhibu mchezaji peke yake. Lakini ilipoondoka iliondoka na subira, na subira hiyo hakuna jaji wala chama cha michezo kitakachoirudisha. Mchezaji wa chuo ana misimu minne, mitano akibahatika. Akitumia mmoja kuzomewa na mwingine kutafuta pa kwenda, nusu ya ujana wake wa mpira imeisha kabla hajajulikana alikuwa nani.

Kwa hiyo Aprili ijayo, ukiona moshi, taa na jezi mpya, mshangilie kwa nguvu zote, ni raha ya mchezo. Kisha jiulize swali moja kabla ya kumdai kombe: chuo hiki kimemchukua aje kufanya kile anachokiweza, au aje kuziba shimo lililoachwa na mtu mwingine?