Upepo wa Kwenda Siyu

Ukishuka boti Mtangawanda, chumvi bado iko usoni, wa kwanza kukupokea ni vijana wa bodaboda. Niliyempanda mimi alifanya kitu ambacho sijawahi kuona Mombasa. Kabla hatujaondoka aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo, akaliacha lipumue. Nikamuuliza, kaka, si utatuacha njiani? Akacheka. "Huko mbele kuna mtanga," akasema. "Tairi ikijaa sana yazama. Wataka ilale kidogo."

Nilikuwa naenda Siyu kwa ajili ya mambo ambayo kila mtu huendea Siyu: ngome, makaburi, viatu vya ngozi. Nikajikuta njia nzima nawaza tairi.

Alichofanya yule kijana kina maelezo yake. Tairi iliyojaa husimama kwenye kipande kidogo cha ardhi, uzito wote ukashuka hapo, mchanga ukafunuka, gurudumu likachimba shimo lake lenyewe. Ukipunguza upepo, tairi hulala, unyayo wake hurefuka, uzito ukatawanyika. Madereva wa gari kubwa za kwenda ufukweni hufanya hivyo hivyo: wanatoka kwenye presha ya 32 hivi wanashuka mpaka chini ya 20. Kasheshe ni kurudi kwenye barabara ngumu na kusahau kujaza. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huleta joto, na joto hula ubavu wa tairi kutoka ndani. Umesafiri barabara ya Nairobi kwenda Mombasa? Vile vipande vyeusi vya tairi za malori kando ya lami, vingi havikuuawa na msumari. Viliuawa na joto.

Siyu haikujengwa kwa gurudumu. Vichochoro vyake ni vya miguu na punda, na bidhaa nzito zilikwenda kwa jahazi. Wengine huona hapo mji uliochelewa. Mimi sioni hivyo. Karne ya 18 na ya 19 huu ulikuwa mji wa wanazuoni, wa watu walionakili misahafu kwa mkono na mafundi waliojua ngozi. Mwaka 1844 jeshi la Seyyid Said wa Zanzibar lilikuja kuwatia adabu likapigwa, na amiri wake akauawa. Siyu haikukubali kuinama mpaka zama za mwanawe Majid, mwaka 1863. Mji huo wote uliishi kwa upepo, kaskazi ya kuleta na kusi ya kurudisha. Neno msimu kwetu pwani lilimaanisha hasa hizo pepo, kabla halijawa jina la ligi ya mpira.

Na hapo kwenye mpira ndipo hadithi inapogeuka, maana tairi na Siyu zilipishana karibu sana bila kusalimiana.

Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Hakuwa wa kwanza. Robert William Thomson alikuwa amesajili wazo hilo tangu 1845, ila dunia haikuwa na haja nalo. Sasa haja ilikuwepo. Baiskeli zikaenea, kisha motokaa, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kuililia mpira.

Mpira huo ulitoka wapi? Si mashambani, bado. Ulitoka msituni, na misitu ya pwani yetu ilikuwa nao. Kuna mtambaa unaopanda miti ambao kwa Kiswahili ni mpira tu, na wanasayansi wakauita Landolphia kirkii kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. (Mmea ulikuwa na jina lake tayari, lakini ndio mambo.) Unakatwa gome, utomvu mweupe unaganda, unaviringishwa madonge kama ya kuchezea, unauzwa. Misitu ya Witu, bara ya Lamu, ilikuwa na mtambaa huo, na mpira ukapita Lamu pamoja na pembe, ngozi na boriti.

Witu yenyewe ilikuwa usultani wa Wanabahani, ukoo uliotawala Pate kabla haujakimbilia bara. Sultani Ahmed Simba aliwakumbatia Wajerumani mwaka 1885 ili kujikinga na Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza, na Oktoba mwaka huo huo manowari za Uingereza zikashusha wanajeshi, Witu ikachomwa. Sisemi vita ilikuwa ya mpira. Chanzo kilikuwa kuuawa kwa Wajerumani waliokuja kuweka kiwanda cha mbao. Ila watu walikuwa wanaugombea msitu, na hilo si dogo.

Kongo ya Leopold ililipa zaidi kwa tairi hizo hizo, kwa mikono iliyokatwa. Huku kwetu soko lilikufa kimya kimya. Mbegu za mpira wa Brazil zilikuwa zimechukuliwa mwaka 1876, zikapandwa Asia, na bei iliyofika kileleni mwaka 1910 ikaporomoka. Kufikia 1914 mpira wa mashamba ulikuwa umeupita wa msituni. Anayekata mtambaa hakuwa na mnunuzi tena.

Zaidi ya miaka mia baadaye mpira umerudi Pate ukiwa umeshapikwa na kiwanda, na sasa ni sisi tunaonunua. Nairobi watu wanabishana kuhusu tairi za spoti za misimu yote. Tairi hizo zilibuniwa kwa nchi zenye theluji; Goodyear ilitoa ile yake maarufu, Tiempo, mwaka 1977, ili mtu asibadilishe tairi kila baridi ikija. Gari nyingi za mtumba kutoka Japani hufika na tairi za theluji kabisa, laini, ambazo lami yetu ya moto inazimaliza haraka. Kabla ya kununua soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lina umri, hata kama linang'aa.

Tulipokaribia Siyu ardhi ikawa ngumu. Kijana akasimamisha pikipiki chini ya mwarobaini, akatoa pampu ya mkono iliyofungwa kwa kamba ya mpira. Nikamuuliza tairi lile amenunua kwa bei gani, akanitajia, kisha akahesabu kwa vidole ni abiria wangapi. Siku nne za kazi, bila mafuta.

"Shika," akasema, akanipa pampu. Nikajaza mpaka jasho likanitoka. Akalikandamiza tairi kwa kidole gumba. "Bado. Tia ishirini zaidi."