Chemchemi ya Vaucluse: Kikulacho kilikuwa mtungini

Ndugu msomaji, wahenga walikwisha kusema kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Wiki hii nataka tuwatazame watu ambao hawakutosheka na methali, wakaenda wenyewe kukitafuta kina hicho. Nusura wabaki huko huko. Na ajabu ni kwamba kilichotaka kuwaua hakikuwa maji.

Kusini mwa Ufaransa kuna kijiji kiitwacho Fontaine-de-Vaucluse. Nyuma ya kijiji umesimama ukuta mrefu wa mwamba, na chini ya ukuta huo kuna pango lenye maji baridi, matamu, yasiyo na chumvi hata chembe. Hapo ndipo unapoanzia mto Sorgue. Sehemu kubwa ya mwaka maji hutulia kimya ndani ya pango kama maji ya kisima. Lakini mvua zikinyesha na theluji ikiyeyuka milimani, maji hupanda, hufurika ukingo wa pango na kuporomoka kwa kishindo. Mafuriko yakiwa makubwa, hutoka zaidi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde moja. Hakuna chemchemi kubwa kuliko hiyo katika Ufaransa nzima.

Karne na karne watu walijiuliza: maji haya yanatoka wapi? Mwaka 1878 mpiga mbizi wa Marseille aitwaye Ottonelli alishuka na vazi zito la kofia ya chuma, akivuta hewa kwa mpira kutoka juu. Alifika mita 23, akarudi bila jibu.

Ndipo ukaja mwaka 1943. Vita vilikuwa vimepamba moto na Ufaransa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Petroli ilikuwa adimu, na mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi. Ofisa wa Jeshi la Wanamaji, Jacques-Yves Cousteau, alishirikiana naye kuigeuza vali hiyo ikawa chombo cha kumpa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mitungi mgongoni, kwa kadiri anavyovuta pumzi. Kwa chombo hicho mtu aliweza kuogelea chini ya maji akiwa huru kama samaki.

Vita vilipokwisha, Cousteau na rafiki zake wawili wa tangu kabla ya vita, Philippe Tailliez na Frédéric Dumas, waliunda kikosi cha utafiti chini ya bahari huko Toulon. Tarehe 27 Agosti 1946 walifika Vaucluse. Walioshuka kwanza ni Cousteau na Dumas, wamefungwa kwenye kamba moja. Juu, aliyeshika kamba ni mwenzao Maurice Fargues. Walikubaliana ishara: kuvuta mara moja, kaza kamba; mara tatu, ongeza kamba; mara sita, tutoe haraka!

Walishuka katika giza, wakafika mita 46. Hapo akili zikaanza kuwaruka. Cousteau alijiona mzito, anasahau amefuata nini. Dumas alikuwa amelegea kabisa, hajiwezi. Cousteau akaamua kupanda kwa mikono, akiishika kamba hatua kwa hatua. Lakini kule juu Fargues aliusikia ule mtikisiko wa mikono akaufasiri kuwa wanataka kamba zaidi. Akaachia kamba. Kila Cousteau alipovuta, kamba ilizidi kumjia mikononi.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Uko gizani, rafiki yako anakufa ubavuni mwako, na yule wa kukuokoa anakuongezea kamba ya kuzamia, tena kwa nia njema kabisa!

Cousteau alijaribu kuparamia mwamba, akashindwa. Akavuta mara sita, lakini kamba ilikuwa imekwama kwenye miamba, na ishara ikafika juu ikiwa hafifu mno. Fargues hakuwa na hakika. Akaona ni heri alaumiwe kwa kuwatoa mapema kuliko kungoja, akavuta kwa nguvu zake zote. Wote wawili walitoka hai. Siku ile ile Tailliez alishuka na mwenzake mwingine, nao wakatoka wakiwa wamelewa vivyo hivyo.

Mwanzoni walidhani ni ule ulevi wa kina, ambao kila mpiga mbizi aliufahamu. Lakini ulevi huu ulikuwa mkali kupita kiasi. Waliporudi Toulon waliipima hewa iliyobaki mitungini, wakakuta gesi ya kaboni monoksaidi. Mashine mpya iliyojaza mitungi ilikuwa ikivuta moshi wa injini yake yenyewe na kuushindilia humo pamoja na hewa.

Gesi hii sisi si wageni nayo. Ndiyo ile ya jiko la mkaa, inayomkuta mtu amefunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi, asubuhi majirani wakabomoa mlango. Haina rangi wala harufu. Huing'ang'ania damu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Na chini ya maji hatari huongezeka, kwa maana katika mita 46 mgandamizo wa hewa ni kiasi cha mara tano na nusu ya ule wa juu. Sumu ambayo nchi kavu ingewaumiza kichwa tu, kule chini ilikuwa ya kuua.

Naam, kikulacho ki nguoni mwako. Waliogopa giza, baridi na mwamba. Hawakuiogopa mitungi waliyoijaza wao wenyewe.

Siri ya chemchemi nayo ilifunuka polepole. Mwaka 1985 mashine isiyo na mtu ilifika sakafuni, mita 308. Wataalamu walionyesha kwamba maji yale ni mvua na theluji iliyonywewa na milima ya chokaa inayozunguka, yakakusanyika chini ya ardhi na kutokea mlango huo mmoja.

Na Fargues? Mwaka 1947 naye alishuka baharini kujaribu kina kikubwa zaidi. Ubao wa kina ulikutwa na saini yake kwenye mita 120. Safari hii waliokuwa juu ni wenziwe, nao walimvuta mara ishara zilipokoma. Walimtoa, lakini hakuzinduka tena.

Mimi katika kisa hiki simkumbuki sana Cousteau, ambaye dunia nzima ilimjua. Namkumbuka huyu mshika kamba. Alikosea kusoma ishara, kisha akawa na ujasiri wa kutilia shaka alichokuwa akifanya, akavuta. Katika nyumba zetu na kazi zetu wapo wengi wanaoomba msaada kwa ishara hafifu, nasi tunazidi kuwaongezea kamba tukidhani ndiyo haja yao. Ukiwa na shaka, ndugu yangu, vuta. Heri lawama kuliko maiti.