Bahati na Macho ya Kuiona

Tarehe 28 Januari 1754, Mwingereza Horace Walpole alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann aliyekuwa Florence. Ndani yake aliunda neno jipya: serendipity. Alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la zamani la kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka.

Wana wale, alieleza Walpole, waligundua mambo wasiyoyatafuta. Mmoja alitambua kwamba nyumbu aliyepita njiani alikuwa chongo, kwa kuwa majani yalikuwa yameliwa upande mmoja tu. Basi neno lilizaliwa na maana mbili pamoja: jambo lisilotarajiwa, na busara ya kulitambua. Siku hizi wengi hulitumia kwa maana ya bahati njema tu. Nusu ya maana imedondoka njiani.

Mwaka 1928, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta ukungu umeota katika kisahani cha bakteria, maabara yake London. Mwingine angekiosha. Yeye aliona kwamba bakteria waliokuwa karibu na ukungu wamekufa, na hapo ndipo ilipoanzia penisilini.

Nasi tunayo maneno yetu: bahati, lenye asili ya Kiajemi, na nasibu, la Kiarabu. Wako Wakristo wanaoogopa kuyatamka, kana kwamba yanampunguzia Mungu utawala wake. Biblia yetu haiyaogopi. Katika Ruthu sura ya 2, ni kwa bahati Ruthu anaingia shamba la Boazi. Lakini alikuwa ameomba ruhusa na kutoka kwenda kuokota masazo. Katika Luka 10, kuhani anapita njia ile kwa nasibu. Alimwona majeruhi, akapita kando. Mlawi naye alimwona. Msamaria alimwona pia, akahurumia. Njia ilikuwa moja na majeruhi alikuwa mmoja. Mioyo ndiyo iliyotofautiana.

Kwa hiyo tusigombane na neno bahati. Mhitaji ambaye hatukumpanga katika ratiba yetu anapotutokea, tusiishie kusema, "Imetokea tu." Wala tusiseme, "Ni mpango wa Mungu," kisha tukapita kando. Mungu hutuletea tusichokitafuta. Tumwombe atupe na macho ya kukiona, na mikono ya kukipokea.