Bati la Kalima na Urithi Usio na Makumbusho

Historia ya Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haiwezi kuelezwa bila kutaja kasiteriti, yaani jiwe zito la rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi ambalo ndani yake hupatikana bati, metali inayoyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu na kwa hiyo hutumika kuungia nyaya za vifaa vya elektroniki. Mji wenyewe ulikuzwa na usafiri. Mto Lualaba hupitika kwa meli kutoka Ubundu hadi Kindu, lakini kuelekea kusini maporomoko huziba njia, na ndiyo sababu kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ikatandika reli kutoka Kindu hadi Kongolo, ambayo ilikamilika mwaka 1911. Mwaka 1915 reli nyingine ilifika ziwa Tanganyika kutoka Kabalo, kusini zaidi kwenye mto huohuo, na mkataba wa mwaka 1921 ukawapa Wabelgiji sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, zilizoitwa Belbase. Mzigo uliopakiwa Kindu uliweza basi kufuata mto hadi Atlantiki, au kuvuka ziwa na kuishia Bahari ya Hindi.

Madini yenyewe yalitoka katika mabonde ya msitu wa Walega, na hasa Kalima, karibu kilomita 100 kutoka Kindu, ambako kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilijenga makambi, barabara, zahanati na mabwawa ya umeme. Kasiteriti nyingi ya Kalima haikuhitaji mashimo marefu ya chini ya ardhi, kwa kuwa mvua na mito ya maelfu ya miaka ilikuwa imekwisha kuimenya kutoka katika miamba na kuilaza chini ya mchanga na changarawe za mabonde. Wafanyakazi waliondoa udongo wa juu, wakachota changarawe kwa sepetu, wakaimwaga katika mfereji wa mbao wenye vizuizi vidogo sakafuni, kisha wakaipitishia maji. Mchanga wa kawaida, ambao uzito wake haufiki mara tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule, ulichukuliwa na mkondo, ilhali chembe za kasiteriti, zenye uzito wa karibu mara saba, zilibaki nyuma ya vizuizi. Wachimbaji wa mikono wa leo wanafuata kanuni hiyohiyo, na mtu aliyewahi kuwatazama wakiosha changarawe ameona kwa macho yake sehemu kubwa ya teknolojia iliyoitajirisha Symétain.

Utajiri huo uliwagharimu watu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya Japani kuteka Malaya na Indonesia mwaka 1942, Washirika walipoteza machimbo yao makuu ya bati na wakaigeukia Kongo ya Kibelgiji, na mwaka huohuo siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji wa koloni zikaongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Uasi wa wafuasi wa harakati ya kidini ya Kitawala uliozuka mwaka 1944 katika eneo la Masisi na Lubutu hauwezi kueleweka vizuri bila kukumbuka mzigo huo wa vita, ingawa vitabu vingi vya historia ya madini huupita kimyakimya.

Mwaka 1976 Symétain na kampuni jirani ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Miaka tisa baadaye, Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati, chombo cha nchi wazalishaji na wanunuzi kilichokuwa kikinunua akiba ili bei isianguke, lilifilisika jijini London, na bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Hapa historia ya Maniema inakutana na ile ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mgodi wa bati wa Geevor ulipigwa na dhoruba hiyohiyo na kufungwa mwaka 1990. Miaka michache baadaye Geevor ulifunguliwa kwa wageni. Mtambo wa kusaga mawe umehifadhiwa, chumba walimobadilishia nguo wachimbaji kimeachwa na makabati yake, na tangu mwaka 2006 machimbo ya Cornwall yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kalima haikupata mwisho wa namna hiyo. SOMINKI ilivunjwa mwaka 1997, katikati ya vita, maeneo yake yakaenda kwa kampuni ya SAKIMA, na mabonde yakabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, ambao serikali iliwasimamisha kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 na ambao magunia yao, tangu mwaka 2012, hufungwa lebo yenye namba inayoonyesha yalikotoka. Ni makosa, basi, kutaka kuiga Geevor moja kwa moja, kwani bonde linalolisha familia haliwezi kuzungushiwa uzio ili watalii walitazame. Lakini ni makosa makubwa zaidi kudhani kwamba mahali ambapo kazi inaendelea hapana cha kuhifadhi. Mifereji ya zamani, mabwawa, nyumba za makambi na yadi ya reli ya Kindu vinaweza kuonyeshwa pamoja na kazi inayoendelea, wachimbaji wenyewe wakiwa waongozaji na wapokeaji wa ada.

La haraka zaidi ni kumbukumbu za watu. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 mwaka SOMINKI ilipoundwa alizaliwa mwaka 1956, na ni wazee wa rika hilo wanaoweza kueleza maji ya kila mfereji yalitoka mto gani, posho ya chakula iligawanywaje kambini, na ni mabonde yapi yaliyokwisha kuoshwa kabla bei haijaanguka.