Msimamizi wa dampo: kutoka Fresno mpaka Pugu Kinyamwezi

Kuna kazi moja ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa siku ya mahafali. Nimehudhuria mahafali mengi, yangu mwenyewe pale Mlimani yakiwemo, na watu wanataja benki, TRA, mashirika ya kimataifa, siku hizi na "biashara yangu mwenyewe". Hakuna anayesimama na joho lake akasema anataka kuwa msimamizi wa dampo. Sasa hebu jiulize, wewe unayesoma hapa huku ukimalizia chai: hicho kikombe cha karatasi kikitoka ofisini kwako kinakwenda wapi, na nani anakipokea huko?

Swali hilo lilinifanya nianze kuchimba historia. Nilidhani nitapata aya mbili tatu, kumbe ni stori ndefu, ina majaji ndani yake, na ina maiti pia.

Tuanze mbali kidogo. Babu zetu wa pwani walikuwa na jaa, nyuma ya nyumba. Maganda ya mihogo, majivu, miba ya samaki, vifuu vya nazi. Kuku anaparua, mbuzi anapita, mvua inamalizia. Jaa halikuhitaji msimamizi kwa sababu karibu kila kilichotupwa kilirudi udongoni. Neno "dampo" ni la Kiingereza, nalo lilikuja pamoja na lori. Pale taka zinapopakiwa kwenye lori na kupelekwa mbali na aliyezitupa, hapo ndipo zinapokuwa tatizo la mtu mwingine.

Miji ya Ulaya na Marekani nayo haikuwa na maajabu. Walichoma, walilisha nguruwe, walitupa majini. New York ilimwaga taka zake baharini mpaka mwaka 1934, ilipozuiwa na amri ya Mahakama ya Juu ya Marekani baada ya jimbo la jirani, New Jersey, kushitaki kwamba uchafu unarudi kwenye fukwe zake. Waingereza ndio waliokuwa wameanza miaka ya 1920 kutupa kwa utaratibu: mwaga tabaka moja, funika kwa udongo, mwaga jingine.

Halafu anaingia Jean Vincenz. Huyu alikuwa injinia aliyeongoza idara ya kazi za umma katika mji wa Fresno, California. Mwaka 1937 Fresno ilifungua dampo ambalo linatajwa kama la kwanza la kisasa Marekani. Wazo lake ukilisikia leo unaweza kucheka kwa urahisi wake: chimba mtaro, mwaga taka humo, shindilia, na kabla jua halijazama funika kwa udongo uliouchimba. Kesho rudia. Panya wakakosa chakula, nzi wakapungua, moto ukakosa hewa.

Ila angalia sharti lililojificha humo. Kufunika kila siku maana yake kila siku awepo mtu wa kuamua: leo malori yamwage hapa na si pale, udongo unatosha au hautoshi, mteremko umezidi au haujazidi. Kwa mtazamo wangu kazi ya usimamizi wa dampo ilizaliwa hapo. Kabla ya hapo alikuwepo mlinzi wa geti tu.

Na kuna kituko. Dampo la Fresno lilifungwa mwaka 1987, na mwaka 1989 likaingizwa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya maeneo yaliyochafuka kupita kiasi, maana halikuwekewa kitu chini cha kuzuia maji machafu yasizame ardhini. Mwaka 2001 serikali hiyo hiyo ikalitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Magazeti ya kule yalicheka sana. Mimi sioni cha kuchekesha, naona ni haki yake kwa yote mawili.

Turudi nyumbani. Hapa kwetu kazi hii ilikuwa chini ya bwana afya. Wazee wanamkumbuka: kofia, kijitabu, akiingia uani kwako unakimbilia kufunika mtungi. Ila serikali za mitaa zilivunjwa kati ya 1972 na 1974 katika kile kilichoitwa madaraka mikoani, na halmashauri za miji hazikurudi mpaka 1978. Jiji liliendelea kukua, magari ya taka yalizeeka, na taka zilizofika dampo zilikuwa sehemu ndogo mno ya zile zilizozalishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa chini ya asilimia 5. Yaani kati ya ndoo 20 za taka za Dar es Salaam, hata moja haikutimia kufika.

Na hizo chache zilikwenda Tabata. Dampo la Tabata liliwaka moto, moshi ukaingia vyumbani, nzi na harufu ndio usiseme. Mwaka 1988 wakazi wakafanya jambo ambalo kwa wakati ule lilihitaji moyo: wakaishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Wakashinda. Mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka pale na litafute mahali pasipohatarisha watu. Jiji likaomba muda. Likaongezewa. Likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Kahwa Lugakingira akasema basi. Alieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaitaja ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Haki hizo za binadamu zilikuwa zimeingia kwenye Katiba mwaka 1984 tu. Wanasheria mpaka leo wanaisoma kesi ile. Sisi wengine tumebakiwa na jina la kituo cha daladala, Tabata Dampo, na konda anapolipaza hakuna anayekumbuka kwamba watu walipigania pumzi zao pale.

Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Huko nako mkazi mmoja na wenzake mamia wakaenda mahakamani, kwenye shauri la mwaka 1991. Ndipo taka zikaangukia Vingunguti, jirani na bonde la mto Msimbazi, zikakaa miaka ya 1990 yote. Mwaka 1994 ukusanyaji wa taka katikati ya jiji ukapewa kampuni binafsi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1996 Halmashauri yenyewe ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dampo likahamia Mtoni, Temeke, na kuanzia 2007 hivi ikawa zamu ya Pugu Kinyamwezi, kiasi cha kilomita 30 kutoka Posta.

Jaji Lugakingira alikuwa sahihi, sina ubishi. Lakini tazama safari yenyewe: Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Kila jirani alipopiga kelele, dampo lilihama kumfuata jirani mwingine, mara nyingi mwenye uwezo mdogo wa kumlipa wakili. Kilichobadilika ni mahali. Namna ya kuliendesha ilibaki karibu ile ile: mwaga, sukuma na katapila, ondoka. Na wakati huo wakazi wa Dar waliongezeka kutoka milioni 1.36 kwenye sensa ya 1988 hadi milioni 5.38 kwenye sensa ya 2022.

Niliwahi kukaa nusu siku na msimamizi mmoja, simtaji yeye wala dampo lake. Nilimwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba na papo hapo akaniambia nivue viatu vyangu vya ofisini, akanipa gambuti. Alianza kama kibarua wa kuelekeza malori. "Kijana wangu," aliniambia, "watu wanafikiri hapa tunatupa takataka. Hapa tunajenga. Ukijenga vibaya inaanguka." Nikafikiri ni maneno ya mtu anayeipenda kazi yake. Baadaye akanionyesha. Taka zetu ni mbichi, zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani ya sokoni, kwa hiyo zina maji. Ukimwaga tabaka nene bila kushindilia, maji yanabaki ndani na gesi inajikusanya. Mteremko unatakiwa uwe mlalo: ukipanda mita moja juu, uwe umekwenda mita tatu mbele. Kila lori lipite kwenye mzani na liandikwe. Lori la hospitali likija na sindano lizuiwe. Na waokota chupa wasikae nyuma ya tipa linalomwaga.

Hilo la mwisho ndilo linalomnyima usingizi. Wapo mamia, wana familia, na chupa za plastiki ndio mshahara wao. Kuwafukuza ni kuwaua njaa, kuwaacha wazagae ni kusubiri msiba. Kitabu cha uhandisi hakimsaidii hapo.

"Inaanguka" alilosema si methali. Tarehe 11 Machi 2017, dampo la Koshe mjini Addis Ababa, lililokuwa likitumika tangu miaka ya 1960, liliporomoka likafunika nyumba na kuua zaidi ya watu 110. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi jijini Kampala nalo likashuka. Lilifunguliwa mwaka 1996, lilikuwa limeshajaa muda mrefu, na bado malori yalikuwa yakipanda juu. Walikufa zaidi ya 30. Mwezi uliofuata Rais Museveni akawafuta kazi vigogo watatu wa mamlaka ya jiji, KCCA, na Oktoba wakafikishwa mahakamani kwa mashitaka ya kuua bila kukusudia. Kwa mara ya kwanza katika ukanda wetu, nijuavyo mimi, kilima cha taka kiliwapandisha wakubwa kizimbani. Soma tena sentensi hiyo kama wewe ni mkurugenzi wa halmashauri yoyote.

Sasa swali la ajira, maana najua wengi mnaosoma hapa mna bahasha za CV mkononi. Kazi hii ina kesho?

Kwa wenzetu inapungua huku ikipanda hadhi. Marekani ilikuwa na madampo karibu 8,000 mwaka 1988, leo hayafiki 2,000, ila yaliyobaki ni makubwa mno, na kuna cheti maalumu cha msimamizi kinachotolewa na chama cha taka ngumu cha kule, SWANA. Uingereza iliweka kodi ya kufukia taka mwaka 1996 na imekuwa ikiipandisha mpaka kumwaga tani moja kunauma kweli. Umoja wa Ulaya unataka ifikapo 2035 isizidi asilimia 10 ya taka za mijini kufukiwa. Kijana wa Berlin akiniuliza, ningemshauri asome mambo ya kurejeleza.

Kwetu hesabu ni nyingine. Kupitia mradi wa miji mkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 2010, miji kama Dodoma, Arusha, Mwanza, Tanga, Mbeya na Mtwara ilijengewa madampo ya kisasa, yenye tandiko chini na mabwawa ya kupokea majimaji meusi yanayochuja kutoka kwenye taka. Vitu hivyo haviendeshwi na mlinzi wa geti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ipo, NEMC wapo, na Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wahandisi wa mazingira. Wengi ninaowafahamu wanaishia kuandika ripoti za tathmini mjini. Kwenda dampo wanaona kama kuhamishiwa kwa adhabu. Nawaelewa, posho ndogo na harufu unarudi nayo nyumbani, lakini huko ndiko kazi yenyewe iliko.

Na ipo elimu ya kujifunza isiyohitaji mabilioni. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Fukuoka walibuni njia ya kupitisha mabomba yenye matundu chini ya taka ili maji yatoke na hewa iingie yenyewe. Ilianza kutumika huko mwaka 1975, na kupitia UN-Habitat imejaribiwa Koshe baada ya maafa na pia kaunti ya Kiambu, Kenya. Taka zinaoza haraka, methani inapungua. Methani hiyo, kwa miaka 100, inapasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko hewa ya ukaa, ndiyo maana pale Mtoni kampuni ya Kitaliano iliwahi kuja na mradi wa kuinasa na kuichoma chini ya Mkataba wa Kyoto. Mtu wa kupima gesi, kusoma mzani na kujaza takwimu zinazoaminika ndiye atakayeamua kama halmashauri inapata fedha za aina hiyo au inabaki kuzisikia kwenye semina.

Jambo moja zaidi ambalo vijana hawaambiwi. Dampo likifungwa kazi haiishi. Kanuni za Marekani zinataka liangaliwe miaka 30 baada ya kufungwa: gesi, maji ya ardhini, nyufa. Kijana wa miaka 24 akiajiriwa leo Pugu Kinyamwezi atastaafu akiwa na 60, miaka 36 kamili. Hata lori la mwisho likimwaga kesho asubuhi, sehemu kubwa ya hiyo 36 atakuwa anapima kilima kilichofungwa, akiangalia maji yanakwenda upande gani.