Bulabo
Bulabo ni tamasha la ngoma za Wasukuma linalofanyika, kwa kawaida mwezi Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, huko Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yaliasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Katika tamasha hilo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyo mahasimu wa jadi, hucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni anayevuta watazamaji wengi zaidi. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, wachezaji hurusha na kuzungusha majembe kwa mapigo ya ngoma. Kwa mwanafunzi wa uzamivu wa muziki, hakuna darasa linaloushinda uwanja huu. Kwa mfano, tasnifu ya uzamivu ya mtafiti wa muziki Frank Gunderson kuhusu vyama vya kazi na nyimbo vya Usukuma ilikamilika mwaka 1999, Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani.